Joto Ndilo Linalochagua Oili: Msumeno wa Injini Katika Delta ya Tana

Msumeno wa injini unaponoki katika delta ya Mto Tana, hukumu hutolewa kabla silinda haijafunguliwa: oili ilikuwa kidogo. Dawa nayo hufuata papo hapo, kuongeza oili kwenye petroli ili injini isiungue tena. Hoja yangu ni kwamba hukumu hiyo hukosea mara nyingi, na dawa yake huweza kuzidisha ugonjwa. Kinachoziua injini hizi ni joto, na vyanzo vya joto hilo vinaweza kutajwa kimoja kimoja. Oili ina sehemu yake katika kesi hii, lakini sehemu hiyo imo zaidi katika aina kuliko katika wingi. Swali la kumuuliza mwenye duka ni hili: oili hii ilitengenezwa ibaki safi katika joto la kiasi gani? Kwa Chara, Garsen na Kipini swali hilo lina uzito wa pekee, kwa sababu hapa maji na kichaka kikavu vimepakana. Mota nyingi za boti, kama ilivyo misumeno, ni injini za mipigo miwili, huchanganyiwa oili ndani ya petroli, na ni rahisi sana chupa moja iliyoandikwa 2T, yaani ya mipigo miwili, ikatumikia zote.

Tuanze na injini yenyewe. Injini ya gari au ya bodaboda ina karta ya oili chini yake, na oili hiyo huzunguka, hulainisha, hubeba sehemu ya joto, kisha hurudi chini kupoa. Injini ya msumeno haina karta. Oili huingia pamoja na petroli kupitia kabureta, hulowesha beringi za krenki, hupaka ukuta wa silinda na ringi za pistoni, halafu huungua na kutoka kwa egzosi. Kila tone hufanya kazi mara moja tu. Kwa kuwa oili haizunguki, haiwezi kubeba joto la maana kulitoa nje. Kazi hiyo hufanywa na upepo wa feni iliyo kwenye gurudumu la sumaku, unaopita katikati ya mapezi ya silinda, pamoja na petroli yenyewe, ambayo hunyonya joto inapogeuka kuwa mvuke. Msumeno ukiwa kazini, silinda karibu na plagi huwa kati ya nyuzi 150 na 250 za Selsiasi, kutegemea mzigo na urekebishaji wa kabureta. Kichwa cha pistoni huwa moto zaidi ya hapo, kwa kuwa hakiguswi na upepo wowote.

Joto hilo haliyeyushi pistoni. Aluminiamu huyeyuka kwenye nyuzi 660, na injini huwa imeshanoki zamani kabla ya kukaribia kiwango hicho. Hesabu iliyo muhimu ni ya upanuzi. Pistoni yenye kipenyo cha milimita 50 ikipanda nyuzi 100 zaidi ya kawaida yake hupanuka kwa takriban sehemu moja ya kumi ya milimita. Silinda nayo hupanuka, lakini inapozwa kwa upepo, hivyo pistoni huitangulia. Nafasi baina ya vyuma hivi viwili ni sehemu chache za mia za milimita. Ikiisha, utando wa oili husukumwa pembeni, chuma hugusa chuma, na mikwaruzo huanzia upande wa egzosi kwa sababu huko ndiko kuna joto kali kuliko pote. Wakati huo oili haikuwa kidogo. Ilikosa mahali pa kukaa.

Sasa tuiweke mota ya boti kando ya msumeno. Mota inayosukuma boti kutoka Kipini kuingia mtoni hunyonya maji kutoka chini yake na kuyapitisha kuzunguka silinda muda wote inapofanya kazi. Kuta zake hubaki chini ya nyuzi 100, na kasi yake ya juu ni kama mizunguko 5,000 hadi 5,500 kwa dakika. Msumeno wa kisasa ukiachwa huru, bila mti, hupita mizunguko 12,000, nao hutegemea upepo peke yake. Waliounda oili ya mota za maji walikuwa na shida zao mahususi: kutu inayoletwa na maji ya chumvi, plagi zinazochafuka kwa mwendo wa polepole wa uvuvi, na majivu yanayojikusanya juu ya pistoni injini inapovutishwa kwa saa nyingi kwa kasi moja. Ndiyo sababu oili zenye alama ya TC-W3, inayosimamiwa na chama cha Marekani cha watengenezaji wa vyombo vya majini, NMMA, hutumia visafishaji visivyoacha majivu kabisa. Visafishaji hivyo ni vizuri mahali palipopoa. Vikipandishwa hadi joto la msumeno huanza kushindwa, na oili ambayo haikuungua vizuri hukaukia kwenye mifereji ya ringi kama ukoko unavyoshika sufuria. Ringi ikishikwa haitanuki tena kuziba silinda, gesi ya moto huteremka kando ya pistoni, utando wa oili huungua, na tunarudi kwenye mikwaruzo ileile niliyoieleza. Oili ya injini zinazopozwa kwa hewa huwekewa kiasi kidogo cha visafishaji vyenye madini, vinavyostahimili joto hilo. Majivu machache yanayobaki ni bei ambayo msumeno unaimudu.

Ushahidi ulionishawishi kuliko wote umo katika jinsi Wajapani walivyopanga vipimo vyao. Alama za JASO, yaani FB, FC na FD, hutolewa baada ya oili kupimwa ndani ya injini halisi. Ulainishaji na usafi hupimwa kwa injini ya skuta ndogo ya Honda inayopozwa kwa upepo wa feni, ambayo kwa umbile ni jamaa wa karibu wa msumeno. Moshi na kuziba kwa egzosi hupimwa kwa injini ya jenereta ya Suzuki. Oili hushindanishwa na oili ya kulinganishia iliyopewa alama 100. Tazama matokeo wanayoyadai. Katika ulainishaji, FB, FC na FD zote zinatakiwa kufikia angalau 95, kiwango kimoja kwa zote tatu. Katika usafi, FB inatakiwa 85, FC 95, na FD 125. Katika kutoziba egzosi, FB inaruhusiwa 45, ilhali FC na FD zinadaiwa 90. Maana yake ni kwamba chupa ya bei ya chini yenye FB inadaiwa utelezi sawasawa na chupa ya juu yenye FD. Kinachozitenganisha ni hali ya pistoni baada ya kupitia moto. Kiwango cha kimataifa cha ISO kiliongeza ukali huohuo: daraja la EGD, ambalo ni ndugu wa FD, hupimwa usafi kwa saa tatu badala ya moja. Kama tatizo kuu la injini hizi lingekuwa utelezi, wahandisi hao wangeyatenga madaraja kwa utelezi. Wameyatenga kwa uwezo wa oili kustahimili joto bila kuacha uchafu.

Hapo ndipo pingamizi la kwanza hujitokeza, nalo si la kupuuzwa: hata hivyo, kuongeza oili kuna ubaya gani? Si usalama zaidi? Tufanye hesabu. Kwa kipimo cha 50 kwa 1, lita 5 za petroli huchanganywa na mililita 100 za oili. Kwa kipimo cha 25 kwa 1, huwekwa mililita 200. Katika mchanganyiko wa kwanza petroli ni asilimia 98.0 ya kinachopita kwenye kabureta. Katika wa pili ni 96.2. Tundu la kabureta halijui kutofautisha petroli na oili. Hupitisha kiasi kilekile, na hewa inabaki ileile. Kwa hiyo aliyezidisha oili bila kugusa skrubu ya kabureta ameipunguzia injini petroli kwa karibu asilimia mbili, na petroli pungufu kwa hewa ileile ni joto zaidi. Asilimia mbili si nyingi, nakubali, lakini inaelekea upande usiotakiwa. Juu yake huongezeka oili ambayo lazima iungue au igande: masizi kwenye tundu la egzosi, plagi nyeusi, moshi machoni pa mkataji. Wapo wanamashindano wa pikipiki za mipigo miwili wanaotumia oili nyingi zaidi ya 50 kwa 1, na beringi zao hufaidika. Ila wao huirekebisha kabureta upya kila wanapobadili kipimo, na huifungua injini mara kwa mara kuisafisha. Anayekata miti ya mathenge nyuma ya Garsen hafanyi hivyo, wala sitarajii afanye.

Kabureta ndiyo sura ambayo mazungumzo ya oili huifunika, na kwa watu wa delta ina mtego wake. Misumeno mingi hununuliwa, hutengenezwa au huuzwa mitumba katika miji ya bara. Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na Eldoret na Nyahururu ziko juu zaidi. Garsen iko mita chache tu juu ya bahari. Hewa ya Nairobi ni nyepesi kuliko ya Garsen kwa karibu moja ya sita, hata baada ya kuhesabu kwamba Garsen kuna joto zaidi. Fundi wa bara akiirekebisha injini vizuri kwa hewa yake, huikaza skrubu ya H, ile ya petroli ya kasi ya juu, ili petroli iendane na hewa hiyo hafifu. Amefanya kazi yake sawasawa. Msumeno huo ukishuka kwa basi Minjila, jirani na Garsen, na kupelekwa shambani bila kuguswa, hukutana na hewa nzito inayoingia kwa wingi, na petroli inabaki nyuma. Injini hulia kwa sauti nyembamba na kali, huonekana ina nguvu za ajabu, na siku chache baadaye hunoki. Hapo oili hulaumiwa, kwa sababu ndiyo iliyowekwa kwa mkono na kuonekana kwa macho, ilhali skrubu iliyokazwa umbali wa mamia ya kilomita haina wa kuishuku. Vitabu vya watengenezaji wakubwa hueleza jambo hili waziwazi: kabureta iliyorekebishwa kwa mwinuko irudishwe katika kipimo cha kawaida injini inapoteremshwa. Pengo hili ni kubwa kuliko lile la asilimia mbili la oili mara kadhaa. Kama kuna shilingi moja tu ya kutumia, itumike kumlipa fundi wa Garsen kuirekebisha kabureta kwa hewa ya Garsen. Asiye na kipima mizunguko atumie sikio: injini ikivutishwa kabisa bila mti inapaswa kukatakata kidogo, kama inayosongwa na petroli, kisha isafike inapoingia kwenye gogo. Ikilia safi hewani, imekosa petroli.

Mti wenyewe nao una la kusema. Mathenge uliletwa Kenya mwaka 1973 kurejesha uhai kwenye machimbo ya mawe ya Bamburi, kisha katika miaka ya 1980 ukapandwa Bura, kwenye mradi wa umwagiliaji, kutoka hapo ukalifuata bonde la Tana. Ni mti mgumu, mzito, wenye matawi mengi ya chini, na unga wake ukiwa mkavu ni laini sana. Unga huo hunyonywa na feni pamoja na upepo wa kupoza. Ukikutana na oili iliyovuja ya mnyororo hujenga zulia baina ya mapezi ya silinda, na injini iliyofunikwa hivyo inaweza kupewa oili bora kuliko zote duniani isiokoke. Miembe ya kando ya mto huleta balaa jingine. Shina lililosimama ndani ya maji ya mafuriko, kama yale ya mwisho wa 2023 na ya 2024, hubaki na mchanga na udongo ndani ya magome yake. Mnyororo hupoteza makali kwa dakika chache, mkataji huukandamiza msumeno badala ya kuutoa na kuutia tupa, na injini huvuta mzigo mkubwa kwa muda mrefu ikitoa vumbi mahali pa vipande. Kisha kuna upasuaji wa mbao kwa mkono, msumeno ukifuata urefu wa gogo. Kukata gogo kwa upana huisha haraka na injini hupata pumzi. Kupasua ubao huidai nguvu yote kwa dakika kadhaa mfululizo, na hakuna kazi inayoipandisha joto kuliko hiyo. Anayepasua mbao ndiye mwenye haja kubwa kuliko wote ya oili ya FD au EGD, ya skrubu ya H iliyofunguliwa kidogo zaidi, na ya kuiacha injini izunguke polepole nusu dakika kabla ya kuizima, ili feni iondoe joto lililobaki.

Pingamizi la pili ni la uzoefu: watu wametumia oili ya mota za boti kwenye misumeno miaka na miaka, na misumeno ingali hai. Ni kweli, na maelezo yake hayapingani na hoja yangu. Msumeno unaokata kuni kidogo kidogo, kabureta ikiwa na petroli ya kutosha, mara nyingi haufiki kwenye joto ambalo TC-W3 hushindwa. Tena uchafu wa ringi hujengeka polepole, kwa hiyo injini inayokufa mwaka huu inalipa deni la miaka mingine, na hakuna anayeikumbuka chupa ya wakati huo. Nitaongeza hili bila kusita: mtu akiwa Ozi au Chara na hana chupa nyingine ila TC-W3, aitumie, kwa kipimo kilekile na kazi nyepesi. Ni bora mara nyingi kuliko oili ya gari ya namba 40. Hiyo ilitengenezwa izunguke kwenye karta bila kuungua, na madini yake yakiungua huacha majivu magumu juu ya pistoni, ambayo hubaki yakiwaka kama makaa na kuwasha petroli kabla ya plagi.

Pingamizi la tatu ni bei, na hapa hesabu iko upande wa oili nzuri. Anayechanganya 25 kwa 1 hutumia mililita 40 kwa kila lita ya petroli. Anayechanganya 50 kwa 1 hutumia 20. Oili ya FD inaweza kuuzwa mara mbili ya bei ya oili hafifu, na gharama ya kila lita ya petroli ikabaki sawa. Hapo bado hujahesabu pistoni, ringi na silinda. Wako watakaonionyesha kitabu cha msumeno wao kinachotaka 25 kwa 1, hasa misumeno ya bei nafuu ya kutoka China. Kitabu kifuatwe, hasa injini ikiwa mpya au ikiwa chini ya dhamana. Lakini msomaji aelewe kwamba kiwanda kinachoandika kipimo hicho hakijui mnunuzi atatia oili gani, na kipimo kizito ni kinga dhidi ya oili mbaya. Hata watengenezaji wakubwa walioandika 25 kwa 1 kwa oili ya kawaida waliandika 50 kwa 1 kwa oili yao wenyewe kwenye ukurasa uleule, kwa injini ileile.

Petroli nayo isisahaulike. Ushuru wa shilingi 18 kwa lita ya mafuta ya taa, uliowekwa Kenya mwaka 2018, ulikusudiwa kuziba pengo la bei lililowashawishi wafanyabiashara kuyachanganya na mafuta ya magari. Petroli iliyotiwa mafuta ya taa hulipuka kabla ya wakati ndani ya silinda na kupandisha joto ghafla, na hakuna oili inayotibu hilo. Inunuliwe kituoni, ichanganywe kwa chupa yenye alama za mililita badala ya kifuniko cha kukisia, itikiswe, na isikae kibuyuni zaidi ya mwezi mmoja. Kwa jua la Garsen, wiki mbili ni salama zaidi.

Kwa hiyo msumeno unaponoki, usikubali kesi ifungwe bila ushahidi. Mwambie fundi aifungue silinda nawe ukiwapo. Mikwaruzo ikiwa upande wa egzosi pekee, tafuta joto: kabureta, bomba linalovuja hewa, mapezi yaliyozibwa. Ikiwa upande wa kuingizia hewa, tazama filta na vumbi. Ringi zikiwa zimegandia kwenye mifereji kwa uchafu mweusi, isome chupa ya oili. Pistoni ikiwa imekwaruzwa pande zote na kavu kabisa, hapo ndipo uulize kama kuna aliyesahau kutia oili. Kisha uendapo dukani, ugeuze chupa usome nyuma yake: kwa mota ya boti TC-W3, kwa msumeno JASO FD au ISO EGD, na FC ikikosekana hizo. Chupa isiyo na alama yoyote kati ya hizo, iache kwenye rafu.